Msichana Yuko Chini ya Bahari

Húsavík, Aisilandi
9 Machi 2025

Shangazi Winifred mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na Baba na bibi yangu, Nyogokuru. Mwambie Nyogokuru soksi zake za sufu nazivaa mbilimbili na bado vidole vinalia. Huku Machi ni jina tu, theluji imefika dirishani, na jirani yangu ananiambia eti mwaka huu baridi imekuwa ya upole!

Jumapili kwenye simu ulilalamika kwamba wenzako ofisini Kacyiru wakikuuliza nasomea nini unajibu "mawe", halafu mnabaki mnatazamana. Basi chukua hii uwasomee.

Karibu na mji huu unapita ufa mrefu wa ardhi unaoingia baharini. Upande mmoja wa ufa ardhi inaelekea magharibi, upande wa pili inaelekea mashariki. Hazigongani, zinapishana huku zikisuguana, kama watu wawili wanene kwenye mlango mwembamba wa duka, kila mmoja ana mizigo yake na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Wakisuguana sana, nyumba zinatikisika. Penye mwanya, moto wa chini unapanda, kwa hiyo sakafu ya bahari hapa imejaa volkano. Hatuzioni kwa macho. Meli inapiga mlio, tunasikiliza unavyorudi, tunachora ramani.

Sasa, maelfu ya miaka iliyopita nchi hii yote ilifunikwa na barafu, unene wake kilomita nzima na zaidi, ikaingia mpaka baharini. Kule chini kuna mlima mmoja wenye kichwa bapa. Swali langu ni hili: ulizaliwa chini ya barafu ile, au barafu ilipokwisha kuondoka? Nikijua hilo nitajua barafu ilifika wapi, na ilipoyeyuka ufa ulifanya nini.

Unakumbuka Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na sakafu ya Nyogokuru kule Rubavu ikapasuka toka jikoni hadi sebuleni? Kabla hamjamhamishia kwako Masaka, alinionyesha ule mpasuko akaniuliza, "Ihirwe, wewe unayesoma, ardhi ina hasira na nani?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu sana siku ile, na ndiyo iliyonileta huku.

Kuhusu uchumba wangu na Ngabo, siku ya gusaba, ya wao kuja kuniposa, mtapanga wewe na mama yake. Ila naomba msitangaze tarehe kwanza. Kuna jambo halijakaa sawa, nitakuandikia.

Mwanao,
Ihirwe

*

Masaka, Kigali
16 Machi 2025

Mwanangu Ihirwe,

Kama umeandika, barua yako haijafika. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila siku, mwenye pikipiki ananidai nauli mara mbili kwa sababu ya tope, na mimi namlipa mara moja. Nyogokuru anakusalimu sana. Juzi alimfokea fundi bomba mpaka fundi akasahau spana yake kwetu. Baba yako yuko kama unavyomjua, anasikia yote na hasemi kitu.

Ningekupigia, lakini simu ni ya salamu na kuulizana habari za mvua. Jambo la ndoa huandikwa, likae mahali mtu anaweza kulirudia.

Mama yake Ngabo, Mama Béatha, alikuja Jumapili na wazee wawili wa upande wao. Alifunga duka lake la vitenge kule Muhima ili aje, na wewe unajua yule mama hata kwa Krismasi halifungi. Tumekubaliana: gusaba ni Jumamosi tarehe 16 Agosti, hapa kwangu. Wataleta maneno na ng'ombe wao, sisi tutawatoa jasho kidogo halafu tutakutoa wewe. Kaka za Mama Béatha walioko Ubelgiji wanapata likizo Agosti tu, kwa hiyo tarehe haiguswi. Mahema nimeshayapata, moja letu moja lao, yatatazamana pale nilipolima maharagwe. Nimeyachagua ya rangi ya maziwa.

Mimi ndiye shangazi yako na nimetoa neno langu. Wewe kazi yako ni kupanda ndege.

Shangazi yako,
Winifred

*

Húsavík
27 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Nyogokuru, na Baba. Mimi ni mzima. Theluji imeanza kuyeyuka na mji mzima unanuka samaki.

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu ilikuwa inakuomba usitangaze tarehe, yako inaniambia imeshatangazwa. Tumeongea kwenye simu mara tatu tangu hapo na kila mara nimekuambia sawa. Si sawa, Shangazi. Ulianza kunielezea rangi ya mahema nikashindwa kusema. Naandika sasa kwa sababu karatasi hainikatizi.

Meli ya utafiti inaondoka tarehe 4 Agosti na kurudi tarehe 25.

Nisikilize. Lava ikikutana na maji au barafu inapoa ghafla, ngozi yake inakuwa kioo cheusi. Kioo hicho kinabaki na chembe za maji ndani yake, na wingi wake unatuambia mzigo uliokuwa juu ulikuwa mkubwa kiasi gani siku kilipoganda. Ni shahidi hasa! Lakini jiwe tulilolitoa mwaka jana lilikuwa limeharibiwa na chumvi. Jiwe zuri liko bega la kaskazini la ule mlima, na meli inafika kule kiangazi tu, wiki chache, bahari ikitulia. Bila jiwe hilo kazi yangu ya miaka minne ni ramani tu. Nafasi yangu nikiikataa atapewa mtu mwingine, na meli haijapangwa tena.

Nakuomba tusogeze hadi Oktoba. Wanataka jibu langu mwisho wa Mei. Ngabo nimeshamwambia. Alisema niende, na kwamba atazungumza na mama yake.

Wako,
Ihirwe

*

Masaka
18 Mei 2025

Ihirwe,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwanza baba yako mzima. Mimi mzima, ila presha imepanda na unajua nani kaipandisha.

Jibu ni hapana.

Hilo jiwe limekaa chini ya bahari maelfu ya miaka, leo ndiyo limeshindwa kusubiri? Mimi nakaa kwenye basi la Kacyiru asubuhi na jioni, nafika nyumbani nimechoka, bado nakwenda Muhima kukaa kwenye kibao cha Mama Béatha tuhesabu viti vya wageni. Yule mama hana mzaha. Mtu akimwambia kesho, anamuuliza kesho saa ngapi. Nikamwambie nini? Kwamba binti yetu kaona mlima?

Usiniambie Oktoba. Oktoba ni mbali. Usiniulize kwa nini ni mbali, sitaki maswali. Nimesema Agosti na ni Agosti. Waandikie hao wenye meli uwaambie una kwenu.

Winifred

*

Húsavík
10 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa nakujibu.

Jiwe linaweza kusubiri, hilo ni kweli. Meli haisubiri. Na sikukuambia yote: nilisaini Aprili, kabla hata sijakuandikia. Nilikuomba ruhusa huku nimeshajipa mwenyewe. Nisamehe kwa hilo. Kwa kwenda siombi msamaha. Nampenda Ngabo na nitaolewa naye, na nitapanda ile meli. Yote mawili. Kama utanikasirikia miaka kumi nitakuja Masaka kila mwaka kukasirikiwa, lakini naenda.

Sasa na mimi nikuulize. Tangu nije huku hujawahi kuniandikia bila salamu ya Nyogokuru. Barua ya Mei haina. Nimeisoma mbele na nyuma. Na Jumapili nilipoomba kuongea naye uliniambia amelala, saa kumi jioni! Kwa nini Oktoba ni mbali?

Niambie ukweli, tafadhali.

Ihirwe

*

Masaka
29 Juni 2025

Mwanangu,

Umenikamata.

Nyogokuru alilazwa hospitali mwezi wa tano, moyo. Alirudi nyumbani amekonda. Daktari hakutaja miezi, lakini aliponiambia "mfurahisheni" nilielewa. Ndiyo maana niling'ang'ania Agosti. Nilitaka akuone ukitoka mle ndani na wasindikizaji wako. Sikutaka kukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu uje ukae pembeni ya kitanda, na yeye mwenyewe alinikataza. Nilikuwa nimekwama kati yenu wawili, na nikamkasirikia aliye mbali.

Barua yako nimemsomea. Nilikusudia kuruka maneno, akanishtukia: "Winifred, mbona macho yanakwenda mbele kuliko mdomo?" Basi nikasoma yote, na ile ya Aprili pia, ya kioo na mzigo. Akafumba macho. Nikadhani kasinzia. Kumbe anawaza. Akasema, "Si ndiye niliyemuuliza swali? Sasa asipokwenda nani atanijibu? Mwambie aende, tena aharakishe."

Nikamwambia, Mama, na wageni? Na tarehe? Akanicheka. "Siku ya gusaba bibi harusi si anafichwa ndani mpaka mwisho? Maneno yote yanasemwa na wazee. Fanyeni. Mwisho mtasema ukweli."

Nimekesha nikiwaza, na asubuhi nikapiga moyo konde. Gusaba iko palepale tarehe 16 Agosti, na wewe uko palepale kwenye meli. Tarehe nimeisema na sirudi nyuma, na wewe neno lako umelisema. Tutaona. Mzee Damascène atakuwa msemaji wetu. Baba yako nimemweleza, akatikisa kichwa mara moja, nadhani ni ndiyo. Kwa Mama Béatha nilitaka kwenda mwenyewe, lakini Ngabo kaja hadi hapa kaniomba nimwachie, yeye ndiye mwana, atamwambia mama yake taratibu. Nimemwachia.

Kula vizuri. Vaa soksi zote.

Shangazi yako

*

Húsavík, bandarini
3 Agosti 2025

Shangazi na Nyogokuru wangu,

Tunaondoka kesho. Nimepewa kitanda cha juu chenye upana wa ubao wa kupigia pasi. Nahodha ameniuliza kama nimeshawahi kutapika baharini, nikamwambia sijawahi kwa sababu kwetu hakuna bahari.

Nyogokuru, nakwenda kukutafutia jibu. Unisubiri, tafadhali. Umenituma mwenyewe.

Shangazi, nimemuuliza Ngabo mara tatu kama ameongea na mama yake. Mara zote amenijibu "usijali". Mimi najali.

Ihirwe

*

Masaka
18 Agosti 2025

Mwanangu Ihirwe,

Nyogokuru anakusalimu, na safari hii nimeanza naye ili usinisumbue. Anakula. Alikaa kwenye kiti siku nzima ya Jumamosi, kavaa vazi lake la sherehe, mushanana wa kijani, hakuna aliyethubutu kumwambia akapumzike. Baba yako mzima, na ana habari yake humu ndani, tulia.

Mambo yalikuwa hivi.

Walifika kwa wakati, watu wengi, wamependeza. Msemaji wao ni mjomba wake Ngabo, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Akasimama, akasifia nyumba yetu, akasifia maziwa yetu, akasema wamekuja kuomba binti. Mzee Damascène akajibu, kama nilivyomwelekeza: "Wageni wetu, binti mnayemtaka hatunaye. Yuko chini ya bahari ya kaskazini anatafuta jiwe."

Ihirwe, watu walicheka! Walipiga makofi! Si unajua wasemaji wetu siku hiyo husema chochote, binti kaenda utawani, binti hatujawahi kumzaa, yote mapambo ya kuwatoa wageni jasho. Damascène akapaza sauti, "Nasema kweli, yuko baharini." Wakacheka zaidi. Akaapa. Mmoja akashika mbavu. Kila akiapa wanamwona fundi wa maneno. Na yule mjomba, kwa raha zake, akanyoosha mkono juu akasema, "Basi sisi tutamsubiri hata chini ya bahari! Hata akitoka na magamba, ni wetu!" Hema lao lote likaitikia: ni wetu!

Mimi nikaanza kutoka jasho mgongoni. Nikamtafuta Ngabo kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo nikajua hajamwambia mama yake hata neno moja.

Yakaendelea, ningeyazuia vipi? Ng'ombe wakasifiwa, pombe ikanywewa, Damascène akasema tumewapa binti. Muziki ukapigwa. Wasichana wakatoka wawili wawili, wamebeba vikapu, na pale katikati pa kwako hapana mtu. Wakafika mbele wakasimama. Muziki ukaisha. Watu wakawa wanatazama mlangoni. Mwanangu, nilitamani ule ufa wako uje Masaka unimeze.

Kaka yake Mama Béatha wa Ubelgiji akasimama: "Mmetuita hapa mtucheke? Ng'ombe warudi kwenye gari." Damascène akaanza kuapa tena, hakuna aliyemsikiliza.

Ndipo baba yako akasimama. Rugamba, kaka yangu! Mtu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alisema "ndiyo" padri akamwomba arudie. Akasema, "Mwanangu yuko kazini. Tuliwaambia tangu mwanzo. Mkacheka." Akakaa.

Mama Béatha akainuka, akavuka nyasi akaja hadi kwa Nyogokuru. Nikasema moyoni, sasa yameisha, huyu mama hapendi kuaibishwa. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, wewe ulijua?"

Nyogokuru akamjibu, "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Atarudi?"

"Mimi mwenyewe namsubiri, na nina haraka kuliko wewe."

Mama Béatha akasimama akawageukia watu wake. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, maana nimeyarudia kichwani usiku na mchana. "Nimekwenda gusaba nyingi, nimesikia uongo mwingi mtamu. Leo tumeambiwa ukweli mara tatu kwa kiapo, tukacheka. Kosa si lao. Na sisi tumesema nini? Tumesema mbele ya wazee kwamba tutamsubiri hata chini ya bahari. Mmeitikia wote. Mimi nauza vitenge. Nikisema mita sita, nakata mita sita. Tumesema tutasubiri, basi tunasubiri. Ng'ombe wanabaki hapa."

Kaka yake wa Ubelgiji akakaa. Yule mjomba mnene akawa anajifuta uso na leso. Mama Béatha akachukua maziwa yako, yale ambayo ungenywa wewe, akampa Nyogokuru anywe kidogo, naye akanywa, kisha yule mama akasema atakayekunywesha yako siku ukirudi ni yeye mwenyewe. Nililia mbele za watu na sikujifuta.

Halafu akamgeukia Ngabo akamwambia kwa sauti ya chini iliyosikika hadi barabarani, "Wewe tutaongea nyumbani."

Nasikia bado wanaongea.

Sasa kazi imebaki kwako. Usije mikono mitupu. Baada ya yote yale, ukirudi bila hilo jiwe nitakurudisha baharini mwenyewe.

Shangazi yako,
Winifred

*

Húsavík
14 Septemba 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo. Shikamoo Baba, nimesoma maneno yako saba mara arobaini. Shikamoo Nyogokuru. Shangazi, kuanzia hapa msomee yeye, na usiruke kitu, anakushtukia.

Nyogokuru, nilitapika siku tano. Siku ya sita nikazoea. Kikapu cha chuma kilishuka bega la kaskazini kikapanda kitupu. Kikashuka tena, kikapanda na matope. Bahari ikachafuka, nahodha akasema tugeuze. Nilisimama mlangoni kwake nikamwambia kwamba kwetu kuna watu wamekaa mahemani wananisubiri, hatugeuzi mpaka tujaribu mara moja zaidi. Ilikuwa tarehe 16, Nyogokuru. Mlikuwa mmekaa. Alinitazama, akaangalia saa, akasema mara moja tu. Kikapu kikapanda na jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, limevaa ngozi ya kioo cheusi, safi, kinang'aa hata kwenye mvua. Nilipiga vigelegele, na wale mabaharia hawajui vigelegele ni nini, mmoja akakimbilia king'ora.

Vipimo vya kwanza vimetoka. Kioo kile kiligandishwa chini ya mzigo mkubwa kuliko maji yote yaliyo juu ya ule mlima leo. Mlima ulizaliwa chini ya barafu. Na bomba tuliloshusha kwenye matope ya jirani limetuonyesha tabaka za majivu. Wakati wa barafu nzito ni nyembamba. Barafu ilipoanza kuyeyuka, majivu yanakuwa mengi ghafla, moto baada ya moto. Profesa anasema tupime tena kabla ya kusema kwa sauti, na tutapima. Wewe nakuambia kwa sauti.

Uliniuliza ardhi ina hasira na nani. Ya Nyiragongo nitaisoma nikirudi, ina mambo yake. Lakini ya huku nimeiona. Haikuwa na hasira na mtu, Nyogokuru. Ilibebeshwa mzigo miaka mingi sana, na ulipotolewa, ikapumua.

Nimekukatia kipande cha kile kioo, kidogo kama punje ya mahindi. Nakuja nacho mwenyewe. Ndege inatua Kanombe Jumamosi tarehe 4 Oktoba.

Shangazi, nina ombi moja. Kabla hujamwambia Ngabo, pita Muhima, ingia dukani kwa Mama Béatha, mwambie kwa maneno haya haya: binti ametoka baharini, njooni mumchukue.

Mwanao,
Ihirwe